Kilo 60 za Mwili, Kilo 190 Juu ya Kichwa: Naim Süleymanoğlu na Kipimo cha Nguvu

Nguvu ya mwanadamu hupimwa kwa njia mbili zisizofanana: ya kwanza huuliza ni uzito gani ambao mtu ameweza kuuinua kutoka chini, na ya pili huuliza uzito huo ni mara ngapi ya uzito wa mwili wake mwenyewe. Kwa kipimo cha kwanza mabingwa huwa siku zote ni watu wa miraba minne, wenye shingo nene na kilo mia na ushei za nyama na mifupa. Kwa kipimo cha pili, jina linalotangulia karibu mengine yote katika historia ya mchezo wa kunyanyua vitu vizito ni la mtu aliyekuwa na kimo cha sentimita 147 tu. Huyo ni Naim Süleymanoğlu, mzaliwa wa Bulgaria na raia wa Uturuki, ambaye tarehe 20 Septemba 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, alisimama akiwa ameshika kilo 190 juu ya kichwa chake ilhali mwili wake haukuzidi kilo 60.

Kwa wakazi wa Newala na uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, na kwa wale wa Masasi na Nanganga walioko chini yake, uzito si jambo la kusimuliwa, kwani kila msimu wa korosho vijana hupakia na kupakua magunia katika maghala ya vyama vya msingi, na kwa miaka mingi, kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde kuanza kutandazwa katika miaka ya 1950, wanawake wa uwandani walikuwa wakishuka miteremko mirefu kuteka maji mabondeni kisha wakipanda nayo kichwani. Hata hivyo nguvu ya mpagazi na nguvu ya mnyanyuaji wa mashindano ni vitu viwili tofauti. Mpagazi huhitaji ustahimilivu, yaani uwezo wa misuli kufanya kazi ya wastani kwa saa nyingi bila kuchoka, wakati mnyanyuaji wa mashindano huhitaji kutoa nguvu zake zote katika muda usiozidi sekunde chache, na kuzitoa kwa mwendo uliopangika kiasi kwamba kosa dogo la mguu au la kiwiko hufuta kazi yote. Anayeshinda siku nzima ghalani huenda asiweze kuinua hata theluthi ya kilo za Süleymanoğlu kwa namna inayokubalika na waamuzi, naye Süleymanoğlu, ambaye alijulikana pia kwa uvutaji wa sigara, pengine asingefika mbali na gunia begani.

Kifaa cha mchezo huu ni fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 2.2 na uzito wa kilo 20 kwa wanaume, au fupi kidogo na yenye kilo 15 kwa wanawake, ambayo kila ncha yake huvishwa sahani za uzito mbalimbali zinazotofautishwa kwa rangi: nyekundu ni kilo 25, buluu ni 20, njano ni 15 na kijani ni 10. Sahani hizo huzuiwa zisichomoke kwa vibanio viwili vya kilo 2.5 kila kimoja, navyo huhesabiwa katika jumla. Ili kupata kilo 190, kila upande wa fimbo hubeba sahani tatu nyekundu, moja ya kilo 5 na moja ya kilo 2.5, na kwa mtu aliyezoea maduka ya vifaa vya ujenzi, huo ni uzito unaopungua kilo 10 tu kufikia mifuko minne ya saruji.

Washindani huinua chuma hicho kwa mbinu mbili. Mbinu ya kwanza, ambayo inaweza kuitwa mnyakuo, humtaka mshindani akitoe chuma sakafuni na kukifikisha juu ya kichwa kwa mwendo mmoja usiokatika, mikono ikiwa imenyooka, huku yeye mwenyewe akijitupa chini ya chuma kwa kuchuchumaa kabla ya kusimama nacho. Mbinu ya pili ni ya hatua mbili, kwani mshindani hukipandisha kwanza chuma hadi mabegani, akasimama na kuvuta pumzi, kisha hukirusha juu kwa nguvu ya miguu na kuingia chini yake, mara nyingi akitanguliza mguu mmoja mbele na kuuacha mwingine nyuma. Zamani ilikuwapo mbinu ya tatu, ya kusukuma chuma kutoka mabegani kwa mikono peke yake, lakini iliondolewa baada ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 kwa sababu washindani walikuwa wamezoea kuupinda mgongo nyuma na waamuzi hawakuwa tena na njia ya haki ya kutenganisha jaribio halali na lisilo halali. Kwa kila mbinu mshindani hupewa majaribio matatu, na jaribio bora la mnyakuo hujumlishwa na jaribio bora la hatua mbili. Waamuzi watatu huwasha taa, nyeupe kwa kukubali na nyekundu kwa kukataa, na wawili wakikubali jaribio huhesabika. Anayeshindwa majaribio yote matatu ya mbinu moja hana jumla, hata awe bingwa wa dunia, jambo ambalo Süleymanoğlu alikuja kulionja mwishoni mwa maisha yake ya ulingoni.

Watu hushangaa kwamba rekodi kubwa zaidi za uwiano, yaani za uzito ulioinuliwa ukilinganishwa na uzito wa mwili, hushikiliwa na watu wafupi na wepesi, lakini maumbile yenyewe yanalieleza jambo hilo. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, kwa maana ya ukubwa wa eneo ambalo lingeonekana kama msuli ungekatwa kwa upana, ilhali uzito wa mwili hutegemea ujazo wote. Mwili ukikuzwa mara mbili kwa kila upande, unene wa misuli huongezeka mara nne lakini uzito huongezeka mara nane, kwa hiyo kila kilo ya mtu mkubwa hupata sehemu ndogo zaidi ya nguvu. Jambo la pili ni nyenzo: mikono na mapaja mafupi humaanisha kwamba chuma husafiri umbali mdogo na kwamba viungo vya nyonga na magoti havilazimiki kupambana na mzigo ulio mbali navyo. Süleymanoğlu alikuwa na faida zote hizo, akaongeza ya tatu isiyotokana na mifupa, nayo ni wepesi wa kuingia chini ya chuma. Anayemtazama katika filamu za mashindano huona kwamba chuma hakipandi juu sana. Kinachotokea ni kwamba mara tu kinapofika usawa wa kiuno na kuendelea kidogo, mwili wote hutoweka chini yake, na kufumba na kufumbua mtu amekaa kitako juu ya visigino akiwa na mzigo mabegani.

Mtu huyo alizaliwa tarehe 23 Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria, eneo la Kardzhali ambako wakazi wengi ni wa asili ya Kituruki na Waislamu tangu enzi za dola ya Uthmaniya. Baba yake alikuwa mchimba madini, na wazazi wake wote wawili walikuwa wafupi. Bulgaria ya wakati huo ilikuwa chini ya chama cha kikomunisti, na kama nchi nyingine za kambi hiyo ilikuwa imejenga shule maalumu za michezo ambazo zilichukua watoto wenye vipaji, zikawalisha, zikawasomesha na kuwafundisha kwa gharama ya serikali. Katika kunyanyua vitu vizito nchi hiyo ndogo ilikuwa imefika mahali pa kushindana na Umoja wa Kisovieti wenyewe, na sababu kubwa ilikuwa ni kocha Ivan Abadzhiev.

Mbinu ya Abadzhiev ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Makocha wengi walipanga mazoezi kwa mawimbi, wiki ya mzigo mkubwa ikifuatwa na ya mzigo mdogo, wakaongeza mazoezi mengi ya pembeni ya kujenga misuli; yeye aliyafuta karibu yote, akabakiza mnyakuo, hatua mbili na kuchuchumaa na chuma, kisha akawataka vijana wake wafikie uzito wa juu kabisa wanaouweza si mara moja kwa wiki bali kila siku, tena katika vipindi kadhaa vya siku moja vilivyotenganishwa na mapumziko mafupi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili hujizoesha kile tu unacholazimishwa kukifanya. Waliovumilia walitawala dunia. Waliovunjika hawakuandikwa katika orodha za medali, na haifai kusifia mbinu hiyo bila kuwakumbuka. Naim alivumilia. Akiwa na miaka 15 alivunja rekodi yake ya kwanza ya dunia ya watu wazima, na kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa mtu wa pili katika historia kuinua kwa hatua mbili uzito unaofikia mara tatu ya mwili wake, akimfuata Mbulgaria mwenzake Stefan Topurov, ambaye mwaka 1983 huko Moscow aliinua kilo 180 katika daraja la kilo 60.

Mwaka 1984 Bulgaria ilifuata mgomo wa Umoja wa Kisovieti na haikupeleka timu katika Olimpiki ya Los Angeles. Dhahabu ya daraja la kilo 56 ilichukuliwa na Mchina Wu Shude kwa jumla ya kilo 267.5, ambayo kijana wa Ptichar alikuwa tayari ameshaipita katika mashindano mengine.

Kilichofuata hakikuwa na uhusiano na michezo, lakini ndicho kilichoamua maisha yake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1984, serikali ya Todor Zhivkov ilianzisha kampeni ya kuwalazimisha raia wa asili ya Kituruki, ambao walikuwa mamia ya maelfu, kuacha majina yao ya Kiislamu na kuchukua ya Kibulgaria. Vijiji vilizingirwa na askari, watu wakapewa vitambulisho vipya, na matumizi ya lugha ya Kituruki hadharani yakapigwa marufuku. Waliopinga walifungwa, na wapo waliouawa. Bingwa aliyejulikana kama Naim Suleimanov akaandikwa kuwa Naum Shalamanov, akatakiwa kuvunja rekodi kwa jina hilo na kuonekana mbele ya dunia kama uthibitisho kwamba Waturuki wa Bulgaria hawakuwahi kuwapo. Katika mji kama Newala, ambako akina Selemani hupatikana kila mtaa, si vigumu kufikiria maana ya afisa kupita nyumba kwa nyumba na kutangaza kwamba kuanzia leo hakuna Selemani hapa.

Alisubiri nafasi. Mwezi Desemba 1986, timu ya Bulgaria ilipokuwa Melbourne, Australia, kwa fainali za Kombe la Dunia la mchezo huo, aliwatoroka walinzi wa timu wakati wa chakula cha jioni, akafichwa kwa siku kadhaa na Waturuki waishio katika mji huo, kisha akafika ubalozi wa Uturuki na kuomba hifadhi. Waziri Mkuu wa Uturuki, Turgut Özal, alilichukua jambo hilo mikononi mwake mwenyewe, akaagiza asafirishwe hadi London na kutoka huko apelekwe Uturuki kwa ndege ya serikali. Aliposhuka, aliibusu ardhi. Huko akachukua jina la Süleymanoğlu, ambalo ni lile lile la ukoo wake likiwa limevuliwa mwisho wa Kibulgaria na kuvishwa wa Kituruki.

Palibaki kizuizi cha kanuni. Mwanamichezo aliyebadili uraia alipaswa kusubiri miaka kadhaa kabla ya kuliwakilisha taifa lake jipya katika Olimpiki, isipokuwa nchi yake ya zamani iridhie kumwachia. Bulgaria iliridhia, lakini kwa malipo, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa takribani dola milioni 1 za Kimarekani, kutoka hazina ya Uturuki. Dola lililokuwa limedai kwamba yeye ni Mbulgaria wa damu lilikubali kumuuza kwa Waturuki, na dola lililompokea kama ndugu aliyekombolewa lilikuwa pia limenunua medali. Ni vigumu kuusoma mkataba huo bila kuona kwamba pande zote mbili zilijua vizuri thamani ya kilo 60 zile.

Seoul ndiko deni lilikolipwa. Mpinzani wake mkuu katika daraja la kilo 60 alikuwa Topurov yule yule, mwenzake wa zamani, lakini kwa kweli mashindano ya dhahabu yalikwisha katika mnyakuo. Süleymanoğlu alianza na kilo 145, akaenda 150.5, kisha 152.5, majaribio mawili ya mwisho yakiwa rekodi mpya za dunia. Katika hatua mbili alijihakikishia ushindi kwa kilo 175, na baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kumfukuza isipokuwa yeye mwenyewe: akaweka kilo 188.5, ikawa rekodi, kisha akaagiza 190. Aliinama, akakamata fimbo kwa mikono ambayo kwa ufupi wake ilionekana kama imeazimwa, akazama chini ya chuma na kusimama nacho kana kwamba hakuna kilichoongezeka, akatulia kidogo mabegani, kisha akakirusha. Kilo 190 ni kilo 10 zaidi ya mara tatu ya uzito wa daraja lake, na ndiyo maana tendo hilo huwekwa peke yake katika vitabu vya mchezo huu.

Jumla ilikuwa kilo 342.5. Topurov alipata medali ya fedha kwa kilo 312.5, na Ye Huanming wa China alipata ya shaba kwa kilo 287.5, yaani pengo la kilo 30 kati ya wa kwanza na wa pili katika mchezo ambao mara nyingi huamuliwa kwa kilo mbili na nusu. Linalostaajabisha zaidi ni kwamba dhahabu ya daraja la juu yake, la kilo 67.5, ilichukuliwa na Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki kwa kilo 340. Mtu mwepesi kwa kilo saba na nusu angewashinda wote wa daraja lile. Kwa Uturuki hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu mwaka 1968, na ya kwanza kabisa nje ya mieleka. Waandishi wa magazeti wakampa jina la Herkules wa mfukoni, kwa kumlinganisha na shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyesifika kwa nguvu zisizo za kawaida.

Athari ya ushindi huo haikuishia ulingoni. Kisa cha mtu aliyepokonywa jina kilirushwa na televisheni za dunia nzima, na jambo ambalo wanadiplomasia walikuwa wakilizungumza kwa sauti ya chini likawa linajulikana na kila mtu. Katika kiangazi cha mwaka 1989 Waturuki zaidi ya 300,000 waliondoka Bulgaria kuelekea Uturuki, na tarehe 10 Novemba mwaka huo Zhivkov aliondolewa madarakani na chama chake mwenyewe. Itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba mnyanyua vyuma aliiangusha serikali, kwa kuwa mwaka huo serikali za kambi nzima ya mashariki zilikuwa zikianguka kwa sababu kubwa zaidi. Lakini hakuna mwanamichezo mwingine wa miaka hiyo ambaye kila medali yake ilikuwa kesi dhidi ya nchi aliyozaliwa.

Alistaafu akiwa na miaka 22, akarudi mwaka 1991, na huko Barcelona mwaka 1992 akachukua dhahabu ya pili kwa jumla ya kilo 320, pungufu sana ya ile ya Seoul lakini ya kutosha kumwacha Mbulgaria Nikolay Peshalov kilo 15 nyuma.

Atlanta, tarehe 22 Julai 1996, ilikuwa habari nyingine. Madaraja ya uzito yalikuwa yamepangwa upya mwaka 1993, naye sasa alishindana katika daraja la kilo 64 dhidi ya Valerios Leonidis wa Ugiriki. Ukumbi uligawanyika, bendera nyekundu za Uturuki upande mmoja na za buluu za Ugiriki upande wa pili, na kwa mataifa hayo mawili yenye uhasama wa karne nyingi hakuna aliyehitaji kuelezwa kilichokuwa kinashindaniwa. Katika mnyakuo Süleymanoğlu alitangulia kwa kilo 147.5 dhidi ya 145. Katika hatua mbili akainua kilo 185, rekodi ya dunia. Leonidis akajibu kwa kilo 187.5, rekodi mpya. Süleymanoğlu akarudi na kuinua kilo hizo hizo 187.5, jumla yake ikawa 335. Ili kuifikia jumla hiyo Leonidis alilazimika kuagiza kilo 190, uzito ambao katika daraja hilo hakuna aliyewahi kuuinua, na hapo akashindwa. Alimaliza na kilo 332.5, ambazo zingempa dhahabu katika siku nyingine yoyote. Süleymanoğlu akawa mnyanyuaji wa kwanza katika historia kupata dhahabu tatu za Olimpiki, na wapenzi wengi wa mchezo huo bado wanaiona jioni ile kuwa pambano bora kuliko yote.

Nyuma ya bendera zile kulikuwa na jambo ambalo watazamaji wengi hawakulijali. Leonidis naye hakuzaliwa katika nchi aliyoiwakilisha: alikuwa wa jamii ya Wagiriki waliokaa Urusi kwa vizazi, kisha akahamia Ugiriki. Peshalov wa Barcelona alikuja kuhamia Croatia na kuipatia dhahabu ya daraja la kilo 62 huko Sydney mwaka 2000. Halil Mutlu, aliyeibuka bingwa wa Olimpiki mara tatu kwa Uturuki kuanzia Atlanta hiyo hiyo, alizaliwa eneo lile lile la Kardzhali na aliwahi kubadilishwa jina kama Naim. Shule za michezo za kikomunisti zilipofungwa au kufilisika, mazao yake yalitawanyika, na nchi zilizokuwa na fedha au undugu wa damu wa kuwapa zilivuna mahali ambapo hazikupanda.

Sydney hiyo ya mwaka 2000 ndiyo iliyomfungia Süleymanoğlu ukurasa. Akiwa na miaka 33 aliamua kutafuta dhahabu ya nne, akafungua mnyakuo kwa kilo 145, akashindwa, akarudia uzito ule ule mara mbili na kushindwa zote, akaondoka bila jumla. Alikuwa pia na mataji 7 ya dunia. Nje ya ulingo hakufanikiwa kwa kiwango hicho: aligombea ubunge mwaka 1999 akakosa, na miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na maradhi ya ini. Alipandikizwa ini jipya mwezi Oktoba 2017, akafanyiwa upasuaji mwingine kwa sababu ya kuvuja damu kwenye ubongo, na akafariki Istanbul tarehe 18 Novemba 2017 akiwa na umri wa miaka 50. Leonidis alisafiri kutoka Ugiriki kuja kumzika.

Ni haki msomaji kuuliza iwapo nguvu hizo zote zilitokana na chakula na mazoezi, kwa kuwa mchezo wa kunyanyua vitu vizito umechafuliwa na dawa zilizopigwa marufuku kuliko michezo mingi. Katika Seoul hiyo hiyo Wabulgaria wawili waliokuwa wametwaa dhahabu, Mitko Grablev na Angel Genchev, walipokonywa medali baada ya kukutwa na furosemidi, dawa inayoongeza mkojo na ambayo hutumiwa kupunguza uzito haraka au kuficha dawa nyingine. Timu yao ikaondoka kabla ya mashindano kwisha, na Kunz aliyetajwa hapo juu alipata dhahabu yake kwa nafasi iliyoachwa na Genchev. Süleymanoğlu alipimwa katika mashindano yake na hakuwahi kupatikana na hatia. Hata hivyo upimaji wa wakati ule ulijikita zaidi siku za mashindano, na mfumo uliomlea ulikuwa ule ule uliowalea Grablev na Genchev, kwa hiyo anayetaka kuapa kwa ajili yake au dhidi yake anasema zaidi ya ushahidi uliopo.

Bara la Afrika si geni katika mchezo huu. Mmisri Khadr El Touni, katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, alishinda daraja la kilo 75 kwa kilo 35 zaidi ya Mjerumani aliyemfuata, mbele ya watazamaji walioambiwa kwamba mtu wa asili yake hawezi kufanya hivyo. Katika Afrika Mashariki jina la karibu ni la Mkenya Hellen Wawira Kariuki, ambaye hushindana katika tawi la watu wenye ulemavu, ambako mnyanyuaji hulala chali kwenye benchi, hukishusha chuma hadi kifuani na kukisukuma juu hadi mikono inyooke. Alimaliza wa tano katika daraja lake kwenye Paralimpiki ya Tokyo na akapata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Kule ambako hakuna fimbo wala sahani rasmi, vijana wa mitaani hutengeneza vyuma vyao kwa bomba na makopo yaliyojazwa saruji, na vifaa hivyo vinatosha kujenga misuli ya kifua na mikono, lakini havifai kwa mnyakuo wala hatua mbili, kwa sababu chuma cha mashindano huzunguka ndani ya vifuko vyake ili kisimpindue mtu viwiko, na sahani zake za mpira huweza kuangushwa chini bila kuvunja sakafu wala mguu. Anayetaka kuanza na aanze na fimbo tupu ya mti, chini ya jicho la mtu anayeijua kazi, mpaka mwendo wa kuchuchumaa ukae sawa.

Rekodi za Seoul zilifungwa mwaka 1993 pamoja na daraja lake. Katika daraja la kilo 61 lililoanzishwa mwaka 2018, rekodi ya dunia ya jumla ilifikishwa kilo 318 na Mchina Li Fabin mwaka 2019, na ile ya hatua mbili ikafikishwa kilo 176 na Mmarekani Hampton Morris mwaka 2024, zikiwa pungufu kwa kilo 24.5 na kilo 14 kulinganisha na zile za mtu aliyekuwa mwepesi kwa kilo moja. Kuanzia Juni 2025 madaraja yamepangwa upya kwa mara nyingine na lile la kilo 60 limerudishwa, lakini orodha yake ya rekodi imeanza upya, na kilo 342.5 hazimo.